Bakteria Watumishi: Kutoka Tooting Hadi Angani

Tooting, kusini mwa London, katika maktaba ya chuo cha udaktari cha St George's, imehifadhiwa ngozi ya ng'ombe aitwaye Blossom. Mwaka 1796 ndui ya ng'ombe huyo ilimpa Edward Jenner, aliyepata kusomea St George's, chanjo yake ya ndui. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa pwani yetu: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Oktoba 1977.

Siku hizi kazi ya ng'ombe mara nyingi hufanywa na bakteria. Wazee wenzangu hapa Tooting huniuliza: je, wajukuu wetu wanadungwa vijidudu? Jibu ni hili. Wataalamu huingiza jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini fulani, ndani ya bakteria, aghalabu E. coli. Bakteria hao hulishwa ndani ya pipa, huzaliana na kutengeneza protini hiyo. Kisha huvunjwa, na protini husafishwa. Protini tatu zilizomo katika Bexsero, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya aina ya B, hupatikana hivyo. Ndani yake hamna bakteria aliye hai. Uingereza huwapa watoto wachanga chanjo hii tangu Septemba 2015.

Angani kunahusikaje? Duniani seli huzama, kwa hiyo pipa hukorogwa, na msukosuko huo huzisumbua. Pasipo uzito hazizami; huelea katika maji yaliyotulia, na tabia zao hubadilika. Septemba 2006 chombo Atlantis kilipeleka angani bakteria wa Salmonella. Waliporudi walikuwa wakali zaidi kwa panya kuliko wenzao waliobaki chini. Wataalamu wakitambua jeni zilizobadilika, hupata fununu ya mahali pa kumpiga adui kwa chanjo. Vipo pia vyombo vya kuzunguka polepole vinavyoiga hali hiyo hapa duniani.

Huo bado ni utafiti. Chanjo ya mjukuu wako imetengenezwa ardhini, na homa ya uti wa mgongo yaweza kuua kwa saa chache. Basi mzazi aliye Uingereza aitazame kadi ya mtoto leo, asisubiri habari za angani.