Halmashauri ya mji (Tanzania)

Halmashauri ya mji ni mamlaka ya serikali za mitaa inayosimamia mji mdogo wa Tanzania Bara, kama vile Korogwe, Makambako au Tarime. Kwa hadhi iko chini ya manispaa na jiji. Inafuata Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982.

Wajumbe wake ni madiwani wa kata, madiwani wanawake wa viti maalumu na mbunge wa jimbo. Madiwani humchagua mwenyekiti. Mkurugenzi, ambaye huteuliwa, ndiye katibu wa vikao. Baraza la madiwani hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu, na sehemu kubwa ya kikao ni mapato, taka, masoko na viwanja.

Udhibiti wa kelele

Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo kuhusu kelele, ambayo huhitaji idhini ya waziri. Zipo pia kanuni za kitaifa za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinazoweka viwango kwa desibeli; vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana.

Walalamikiwa wa kawaida ni baa, kumbi za sherehe, nyumba za ibada zenye vipaza sauti na mashine za kusaga. Ugumu ni kwamba halmashauri inayotakiwa kuidhibiti baa ndiyo hiyohiyo inayoipa leseni na kupokea ada yake. Tena kuthibitisha desibeli kunahitaji kifaa cha kupimia, na muziki hupigwa usiku, ofisi zikiwa zimefungwa. Ndiyo maana mgonjwa au mwanafunzi aliyekosa usingizi mara nyingi huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa.