Kigezo cha Usafi wa Asili na Sanaa ya Wakamba

Uhakiki wa sanaa za Kiafrika uliozaliwa enzi za ukoloni uliegemea kigezo kimoja kikuu, yaani usafi wa asili. Kazi ilithaminiwa kadiri ilivyodhaniwa kuwa haijaguswa na biashara wala na mgeni. Makala haya yanadai kwamba historia ya sanaa ya Wakamba wa Kitui, Machakos na Makueni inakibatilisha kigezo hicho.

Tuanze na kazi za kale. Vigoda vya miguu mitatu, vilivyonakshiwa kwa nyaya zilizopachikwa mbaoni, vilikusanywa na kupelekwa katika makumbusho ya Ulaya. Huko viliorodheshwa kwa jina la kabila. Jina la fundi aghalabu halikuandikwa. Vilihesabiwa kuwa vielelezo vya mila, si kazi za wasanii.

Ama vinyago, historia yake ni ya karne ya 20. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), akawafundisha jamaa zake. Hapa jina la msanii lajulikana. Lakini wahakiki wengi wa Magharibi walivipuuza vinyago hivyo kuwa bidhaa za watalii tu. Walter Elkan, mmoja wa watafiti wa mapema waliovichunguza kwa makini (1958), alikuwa mwanauchumi, si mhakiki wa sanaa.

Basi Mkamba alinyimwa usanii mara mbili: kwanza kwa kuifuata mila, kisha kwa kuiacha.

Udhaifu wa kigezo hiki wadhihirika zaidi katika kiondo, ambacho wanawake wa Wote na viunga vyake hukisuka. Kiondo cha katani husifiwa kuwa sanaa ya asili, ilhali katani ni mmea wa Mexico ulioletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893. Hapo awali wasukaji walitumia nyuzi za magome ya miti, ukiwemo mbuyu. Kumbe kinachoitwa asili nacho ni zao la uteuzi: msukaji aliipima malighafi ngeni, akaitiisha chini ya ufundi wake, kama Munge alivyofanya na uchongaji.

Uteuzi huo ndio usanii. Mhakiki asiyeuuliza atakuwa angali akiandika orodha za makumbusho ya kikoloni, japo kwa Kiswahili.