Kichwa nguvu, ama mtoto mwenye hakuna mtu anamuuliza? Vijana wagumu katika riwaya

Katika nyumba nyingi kuna kijana mmoja mwenye wanamuita kichwa nguvu. Anajibu vibaya, ama hajibu kabisa. Shule imemshinda. Wazazi wanasema: huyu hatumjui tena. Kijana huyo yuko ndani ya vitabu pia, tena tangu zamani. Makala hii inaeleza alitoka wapi, riwaya gani zinamuonyesha vizuri, na juu ya nini inafaa mzazi ama mwalimu azisome.

Riwaya ya kukua ni nini?

Riwaya ya kukua, yenye mashuleni kwetu wanaitaka roman d'apprentissage, ni hadithi ndefu yenye inamfuata mtoto ama kijana mpaka pale anaanza kuona dunia kwa macho ya mtu mzima. Mfano wa zamani wenye watu wanautaja sana ni kitabu cha Mjerumani Goethe juu ya kijana Wilhelm Meister, kilichotoka 1795 na 1796. Katika mtindo ule, kijana anatoka kwao, anapotea njia, anajifunza, na mwishoni anapata kiti chake kati ya wakubwa.

Katika karne ya 20 mambo yaligeuka. Waandishi waliuliza: na kama kile kiti kimevunjika? Kama wakubwa wenyewe ndio wamepotea, kijana akue kuelekea wapi? Hapo ndipo tunamkuta kijana mwenye anajiona mgeni hata kwao. Yuko katikati ya watu, lakini hana wa kumsikia. Na mara nyingi mwandishi anamuachia aseme mwenyewe, "mimi", kwa lugha yake ya hasira, ya matusi ama ya mzaha.

Holden, mwanafunzi mwenye alifukuzwa

Mwenye anajulikana zaidi duniani ni Holden Caulfield, kijana wa miaka 16 katika kitabu The Catcher in the Rye cha Mmarekani J. D. Salinger, cha mwaka 1951. Amefukuzwa shule. Badala ya kurudi nyumbani, anazunguka New York siku chache kabla ya Noeli. Anaona wakubwa wote ni wanafiki. Ukisoma haraka, utasema ni mtoto wa matajiri mwenye kudeka. Lakini katikati ya maneno yake anatuambia kwamba mdogo wake, Allie, alikufa kwa kansa ya damu. Usiku ule Holden alivunja vioo vya garaji kwa ngumi. Wakati huo alikuwa na miaka 13. Hasira yake yote ilitanguliwa na msiba.

Ukishaona hivyo kwa Holden, utaona hivyo katika vitabu vya Afrika pia, hata kama maisha ni tofauti sana: kuna jambo lilitokea mbele, na wakubwa hawakuuliza.

Nyasha, binti wa mkurugenzi wa shule

Katika Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, kilichotoka 1988, mwenye anasimulia ni Tambu, msichana wa kijijini mwenye alipata nafasi ya kusoma kisha kaka yake kufa. Anaenda kukaa kwa baba yake mkubwa, mkurugenzi wa shule ya misioni. Huko anamkuta Nyasha, binti wa yule mzee. Nyasha alikaa miaka kadhaa Uingereza akiwa mdogo. Aliporudi, lugha ya Kishona ilikuwa imempotea, na wanafunzi wenzake wanasema anajiona. Nyumbani, kila swali lake linahesabiwa kuwa ukosefu wa heshima. Siku moja anachelewa kurudi kutoka dansi, baba anamchapa, na yeye anarudisha ngumi.

Kisha hapo Nyasha anaanza kukataa chakula, ama kukitapika. Anasoma usiku kucha na mwili unaisha. Wanapompeleka kwa daktari mzungu wa magonjwa ya akili, huyo anajibu kwamba Waafrika hawaugui namna hiyo. Baba anamuona mkaidi, daktari haoni ugonjwa. Ni Tambu tu ndiye anamtazama vizuri, na kitabu kizima ni ushahidi wake.

Birahima, kadogo mwenye kamusi nne

Sisi wa mashariki tunalijua neno kadogo. Ahmadou Kourouma wa Côte d'Ivoire aliandika juu ya mtoto wa namna hiyo katika Allah n'est pas obligé, mwaka 2000, na kitabu kilipata tuzo ya Renaudot nchini Ufaransa. Birahima ana miaka kumi ama kumi na miwili. Mwenyewe hajui vizuri. Yatima, anatumwa Liberia kutafuta shangazi yake, na njiani anaingia katika kundi la wapiganaji. Anatukana kila ukurasa. Ana kamusi nne za kuelezea maneno yake makubwa, ili kila mtu amuelewe, mzungu na mweusi.

Askari mtoto mwenzake anapokufa, Birahima mara nyingi anasimamisha hadithi na kueleza namna yule mtoto aliingia vitani: nani alimuua baba yake, njaa ilimkuta wapi. Hiyo ndiyo hotuba ya mazishi yenye anampa mwenzake. Na mwishoni tunaelewa juu ya nini anasema: ndugu yake mkubwa, daktari, yuko naye ndani ya gari na anamuomba amweleze yote aliyoyaona na aliyoyafanya. Kitabu chote ni jibu la ombi lile moja.

Emmanuel Dongala wa Kongo-Brazzaville naye, katika Johnny chien méchant cha 2002, aliweka vijana wawili wa miaka 16 katika vita moja. Johnny anabeba bunduki na anajiita msomi. Laokolé anakimbia huku akimsukuma mama yake, mwenye miguu ilivunjwa, ndani ya torori. Sura moja ni ya huyu, nyingine ni ya yule. Dongala hamsamehei Johnny uovu wake hata kidogo. Anatufanya tumsikie tu, na tukisha kumsikia hatuwezi tena kusema alizaliwa mnyama.

Gaby, ng'ambo tu ya Ruzizi

Kitabu chenye kiko karibu nasi zaidi ni Petit pays cha Gaël Faye, cha 2016, chenye kilipata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa lycée. Gaby anakaa Bujumbura. Baba ni Mfaransa, mama ni mkimbizi Mnyarwanda. Familia inavuka hata kuja Bukavu kumtembelea rafiki wa baba. Kisha wazazi wanaachana, rais Ndadaye anauawa mwezi wa kumi 1993, na 1994 mauaji ya kimbari yanameza ndugu za mama kule Rwanda. Mama anarudi kutoka huko akiwa mtu mwingine. Marafiki wa mtaa, wenye jana walikuwa wanaiba maembe, leo wanasema juu ya silaha.

Gaby haendi nao mara moja. Jirani, mama mzee Mgiriki, Madame Economopoulos, alimfungulia kabati yake ya vitabu. Anapomaliza kimoja, anamuuliza amekionaje. Hilo halikuzuia vita kumfikia Gaby. Mbele ya mwisho anasukumwa kufanya jambo la kutisha. Lakini ni pale kwa yule mama ndipo alipata maneno.

Kuvisoma pamoja

Vitabu hivi si dawa, na si vyote vya kumpa mtoto mkononi halafu kuondoka. Kourouma na Dongala wanaonyesha mauaji na ubakaji bila pazia. Kwa kijana mwenye aliona mambo hayo kwa macho, kusoma peke yake kunaweza kufungua kidonda. Afadhali mkubwa atangulie kusoma, kisha wasome pamoja, na kijana awe na ruhusa ya kufunga kitabu. Kwa kuanza, Petit pays ni chepesi zaidi kwa Kifaransa cha sekondari, ingawa kina kurasa nzito kuelekea mwisho. Mwenye hapendi kusoma anaweza kutazama filamu yake ya 2020, ya Éric Barbier.

Na kama hakuna kitabu, swali la yule daktari ndani ya gari halihitaji kitabu. Tumezoea kumuuliza kijana: umefanya nini tena? Yeye alimuuliza Birahima: umeona nini? Kisha alinyamaza, akamuacha aseme mpaka mwisho.