Nyuki wa Tanga na Hadithi ya Silaha

Waingereza walishindwa vibaya Tanga mwezi Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na haikupita muda kabla ya kuvuma kwao habari kwamba Wajerumani walikuwa wametega nyuki: nyaya zimefichwa vichakani, mizinga imening'inizwa juu, na adui akijikwaa tu kundi zima linamshukia. Wengine walidai kwamba nyuki hao walikuwa wamefunzwa kazi hiyo. Mpaka leo mapigano yale huitwa Vita vya Nyuki, na wasimulizi wengi hupenda kuanzia hapo. Naamini nyuki hao wa mtego ni wa kubuni sawasawa na wadudu wa riwaya, na kwamba aliyewahitaji ni yule aliyeshindwa.

Nyuki wenyewe walikuwapo. Hilo halina ubishi. Tarehe 4 Novemba jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Arthur Aitken, ambalo askari wake wengi walitoka India, lilikuwa likipenya mashamba na vichaka kati ya Ras Kasone na mji, na mapigano yakawatibua nyuki mitini. Nyuki akichoma, mwiba wake wenye vimiba hubaki mwilini pamoja na kifuko cha sumu, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu hata nyuki mwenyewe akishaondoka. Papo hapo hutoka harufu inayokaribiana na ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake wachome palepale. Anayekimbia huku akipunga mikono huwachochea zaidi. Warina asali wanalijua hilo, ndiyo maana huenda na moshi, na mara nyingi usiku. Ila harufu ile haichagui sare. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alieleza katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1920 kwamba katika wakati mgumu kabisa wa mapigano bunduki zote za rashasha za kombania yake moja zilinyamazishwa na nyuki haohao. Mtego gani huo unaoanza kwa kuzima bunduki za aliyeutega?

Atakayepinga atasema kwamba binadamu wametumia nyuki vitani tangu zamani, basi kwa nini isiwe Tanga? Ni kweli wametumia. Aineias wa Ugiriki, aliyeandika juu ya ulinzi wa miji katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri nyigu na nyuki waachiliwe ndani ya mahandaki yanayochimbwa na adui chini ya ukuta. Mwanahistoria Appianos anasimulia kwamba watu wa mji wa Themiskyra walifanya hivyo dhidi ya jeshi la Lucullus, Mroma, tena wakaongeza dubu. Katika Popol Vuh, kitabu cha asili cha Wak'iche' wa Guatemala, waliozingirwa mlimani wanaweka mavu ndani ya vibuyu na kuvifunua adui wanapokaribia. Tukiitazama mifano hii kwa makini, inaunga mkono hoja yangu. Handaki ni shimo: aliye ndani hana pa kukimbilia, na mwenye nyuki yuko nje, kisha anaziba mlango. Wak'iche' nao walikuwa juu, nyuma ya boma. Tanga hapakuwa na handaki wala boma. Palikuwa na vichaka na miti, upepo wa bahari, na majeshi mawili yaliyokaribiana hata kuchanganyikana. Mahali kama hapo hakuna awezaye kumwelekeza nyuki.

Watunzi wazuri wameliona jambo hili kuliko waandishi wa magazeti ya wakati huo. Katika *The Hunger Games*, riwaya ya Suzanne Collins ya mwaka 2008, msichana Katniss yuko juu ya mti na maadui wamelala chini. Anakata kwa kisu tawi lenye kiota cha nyigu waliotengenezwa na serikali kwa ajili ya vita. Kiota kinaanguka, maadui wanatawanyika, mmoja wao anakufa papo hapo. Lakini Katniss naye amechomwa kabla tawi halijakatika, na sumu inampotezea fahamu. Collins amebuni mdudu asiyekuwapo duniani, lakini hakumpunguzia msichana wake gharama ya kumtumia, na kwa sababu hiyo tunamsadiki.

Huenda msomaji akaona kwamba nalifanya jambo dogo kuwa kubwa, kwani hadithi ya nyuki waliofunzwa haimdhuru mtu. Mimi naona inadhuru. Tarehe 3 Novemba, siku moja kabla ya nyuki, shambulio la kwanza la Waingereza lilikuwa limekwisha kurudishwa nyuma. Watu wa Aitken walikuwa wamekaa melini wiki kadhaa, hawakupeleleza eneo vya kutosha, na manowari yao Fox ilitangulia kuingia Tanga tarehe 2 kudai mji ujisalimishe, hivyo Wajerumani wakapata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Waingereza walikuwa kama 8,000, walinzi kama 1,000, na wengi wa walinzi hao walikuwa askari Waafrika. Walilitumikia jeshi la mkoloni, jeshi lilelile lililowakandamiza watu wa kusini wakati wa vita vya Maji Maji, na hilo lisifichwe. Hata hivyo mapigano yale waliyashinda wao, kwa shabaha na nidhamu. Hadithi ya nyuki ilimwezesha afisa wa London kueleza kushindwa kwake bila kukiri kwamba aliyemshinda ni Mwafrika mwenye bunduki.

Hadithi hiyo ilifunika pia kile kilichoachwa ufukweni. Waingereza walipopanda tena meli zao tarehe 5, walitelekeza mamia ya bunduki, rashasha 16 na risasi nusu milioni au zaidi. Silaha hizo zilimsaidia Lettow-Vorbeck kuendeleza vita vilivyodumu mpaka Novemba 1918, na mzigo wake mzito ukawaangukia wapagazi na wanavijiji, kuanzia Kilimanjaro hadi ng'ambo ya Ruvuma.