Kutoka Gwaride hadi Ngoma: Historia ya Mchezo wa Vyeo kati ya Pwani na Kongo

Katika michezo iliyoenea duniani karne mbili zilizopita, umo ule ambao mchezaji hashindani kwa mbio wala kwa nguvu, bali huvaa nafsi ya mtu mwingine, hupewa cheo, wajibu na mipaka, kisha hutenda na kusema kama mtu huyo mbele ya wenzake wanaofuata kanuni zilezile. Nchini Ujerumani mchezo huo huchezwa mezani kwa karatasi, kalamu na dadu, chini ya msimulizi ambaye pia ni mwamuzi. Afrika Mashariki na Kongo zilikuwa na mchezo wa vyeo wa kwao, uitwao beni, ambao haukuchezwa mezani bali barabarani na viwanjani, kwa muziki, mavazi na gwaride. Ingawa hakuna aliyemwiga mwenzake, michezo hii miwili ina chimbuko moja, nalo ni jeshi. Na mji wa Goma, uliokua kwenye mpaka ambapo jeshi la Wajerumani na jeshi la Wabelgiji yalitazamana kwa miaka mingi, ni mahali panapofaa kuitazama historia hiyo.

Ukoo wa mchezo wa mezani huanzia Prusia, dola iliyokuja kuwa kiini cha Ujerumani. Mwaka 1812 Baron von Reisswitz alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, alichapisha kanuni zake zilizoboreshwa, ambazo ziliwawezesha maafisa kuongoza vikosi juu ya ramani, huku dadu zikiamua hasara ya kila mapigano na mwamuzi akiwapa wachezaji habari zile tu ambazo kamanda wa kweli angeweza kuzipata. Uongozi wa jeshi uliukubali kuwa chombo cha mafunzo, ukaenea katika majeshi mengine, kisha ukawa burudani ya raia. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, David Wesely aliandaa mchezo katika mji wa kubuni wa Kijerumani alioupa jina la Braunstein, akampa kila mchezaji nafsi yake badala ya kikosi; na kutokana na jaribio hilo na mengine yaliyofuata, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mwaka 1974 Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, Ujerumani ilipata mchezo wake mkubwa, Das Schwarze Auge wa Ulrich Kiesow, unaochezwa katika bara la kubuni liitwalo Aventurien, ambalo lina hata gazeti lake, na ambamo habari za watu wasiokuwapo huandikwa kama habari za kweli.

Beni ilianza mapema kuliko mchezo huo wa nafsi za kubuni, katika miaka ya 1890, kwenye miji ya pwani ya Kenya ya leo. Miji hiyo ilikuwa na desturi ya zamani ya mashindano kati ya mitaa, kama yale ya Mkomani na Langoni huko Lamu, ambapo kila upande ulitafuta kuupita mwingine kwa ngoma, mashairi, mavazi na karamu. Katika desturi hiyo iliingia sauti mpya ya bendi za matarumbeta, zilizosikika kwenye kasri la Sultani wa Unguja, kwenye meli za kivita na kwenye shule za misheni, hasa Freretown karibu na Mombasa, makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana waliyafungua mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Vijana wa mjini waliichukua sauti hiyo wakaitia katika mashindano yao, na pamoja nayo wakachukua mistari ya gwaride, sare na ngazi ya vyeo. Mombasa ilikuwa na kundi la Kingi na mshindani wake Skochi, ambalo lilivaa kwa mfano wa askari wa Uskochi. Upande wa kusini, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, mashindano yaligawanyika kati ya Marini, waliopenda kujihesabu kuwa watu wa heshima wa pwani, na Arinoti, ambao wengi wao walikuwa vibarua na watu wa bara.

Ujeshi wa mchezo huo ulikuwa na maana ya pekee katika koloni la Wajerumani, kwa sababu jeshi lenyewe lilikuwa limejengwa kwa vyeo vya kuazima. Afisa wa Kijerumani Hermann Wissmann alipounda kikosi chake mwaka 1889, aliajiri wanajeshi wa Kisudani mjini Cairo, nao wakaja na majina ya vyeo vya jeshi la Misri, kama vile ombasha kwa koplo, shaushi kwa sajini na efendi kwa afisa Mwafrika. Mtu aliyejiunga na jeshi hilo alijikuta katika ngazi ambayo majina yake yalikuwa ya Kituruki, amri zake za Kijerumani, na mazungumzo yake ya kila siku ya Kiswahili. Askari wa namna hiyo hakuwa mgeni wa wazo kwamba cheo ni vazi, kwamba huweza kuvaliwa, kuvuliwa na kupewa mwingine, na beni iliposhika kambi za jeshi ilikuta watu waliokwisha kulizoea jambo hilo.

Njia ya mchezo huu kuelekea Kongo ilifunguliwa na vita vya mwaka 1914 hadi 1918. Mpaka wa eneo la Kivu ulikuwa na mgogoro tangu siku Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipovuka Rwanda mwaka 1894, akakutana na Mfalme Rwabugiri, akafika ziwani na kupanda Nyiragongo. Na mgogoro huo haukuisha hadi mkataba wa Brussels wa mwaka 1910, ulioiacha Gisenyi mikononi mwa Ujerumani na Goma upande wa Ubelgiji. Leo vituo viwili vya mpaka, Grande Barrière na Petite Barrière, vinatenganisha miji ambayo nyumba zake karibu zinagusana, lakini mwaka 1914 mstari huohuo ulikuwa uwanja wa mapambano. Mwezi Septemba wa mwaka huo Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja Kapteni Max Wintgens aliishikilia Gisenyi dhidi ya Force Publique, yaani jeshi la kikoloni la Kongo. Hatimaye, mwaka 1916, Jenerali Charles Tombeur alivusha brigedi mbili, ya kaskazini ikiongozwa na Molitor na ya kusini ikiongozwa na Olsen, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora, ushindi ambao baadaye ulimpatia Tombeur ubaroni wenye jina la mji huo. Mizigo ya jeshi hilo ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wanaokadiriwa kufikia 260,000.

Hivyo watu wa Kongo walikaa Tabora na Kigoma, katikati ya miji ambamo beni ilikuwa ikishindaniwa, na vivyo hivyo askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles, mateka, wapishi na wapagazi wa pande zote walikutana na mchezo huo wakiwa na lugha moja ya kuuelewa. Terence Ranger, mwanahistoria aliyeuandikia mchezo huu kitabu kilichotoka mwaka 1975, ameonyesha kwamba vita ndivyo vilivyoieneza beni kuliko jambo lingine lolote. Wajerumani waliposalimu amri huko Abercorn, ambao leo ni mji wa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, mchezo wa miji michache ya pwani ulikuwa umekwisha kuwa mchezo wa nchi nyingi.

Muundo wake ulikuwa wa makini. Kila tawi lilikuwa na Kingi, yaani mfalme, na chini yake walikuwapo magavana, majenerali, madaktari na makarani, na wanawake nao walikuwa na ngazi yao ya vyeo. Kanuni zilijulikana, michango ilikusanywa, mwanachama aliyevunja nidhamu alitozwa faini, na mgeni aliyefika mji asioujua aliweza kulitafuta tawi la upande wake na kupata pa kulala na chakula. Mwanachama alipofariki mbali na kwao, wenzake walimzika. Matawi yaliandikiana barua kwa Kiswahili, yakitumia vyeo vya mchezo kama anwani, kupeana habari za mashindano, za wageni waliokuwa njiani na za waliopandishwa cheo, kiasi kwamba karani wa tawi la mji mmoja aliweza kujua habari za wenzake walio mamia ya kilomita kutoka kwake. Gazeti la bara la kubuni ambalo wachezaji wa Ujerumani walikuja kulipenda katika miaka ya 1980 lilifanya kazi ya aina hiyo, kwa kuwa ulimwengu wa mchezo huhitaji kuandikwa ili udumu wachezaji wanapokuwa mbali.

Mchezo ulipoingia bara ulibadilika kufuatana na vifaa vilivyopatikana. Matarumbeta ya shaba yalikuwa ghali na adimu, kwa hiyo kandokando ya Ziwa Nyasa, ambako mchezo ulijulikana kwa majina ya malipenga na mganda, wachezaji walitumia vibuyu vilivyotobolewa tundu dogo na kuzibwa kwa utando wa buibui, na mtu alipoimba ndani ya kibuyu utando ulitetemeka na kuigeuza sauti yake kuwa mlio wa tarumbeta. Katika Katanga, ambako migodi ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi, vyama vya Mbeni, kama beni ilivyoitwa huko, vilijitokeza mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, na kuwa miongoni mwa vyama vya mwanzo ambavyo wafanyakazi wa mjini walivianzisha wenyewe, bila padri wala msimamizi wa kampuni kuwaelekeza.

Picha ya karibu zaidi ya uzao wa beni imetoka ng'ambo ya mpaka wa Katanga. J. Clyde Mitchell, katika utafiti alioutoa mwaka 1956, ameieleza kalela iliyochezwa Luanshya, katika Zambia ya leo, na vijana wa kabila la Wabisa, ambao ngoma zao zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Wachezaji walivaa suruali zilizopigwa pasi vizuri, fulana safi na viatu vilivyong'arishwa. Mfalme wao alivaa suti, daktari alivaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu kifuani, na mwanamke aliyekuwa muuguzi alipita kati ya safu akiwa na kioo na kitambaa, ili kila mchezaji ajitazame na kujifuta jasho. Hapo ujeshi umekwisha kupungua na hospitali imechukua nafasi yake, lakini msingi ni uleule: taasisi ambayo mchimba madini aliijua kwa kupokea amri zake imeingia katika ngoma, na sasa yeye ndiye anayegawa vyeo vyake.

Watawala waliutazama mchezo huu kwa mashaka. Maafisa wa Kiingereza waliozisoma barua za matawi baada ya vita walihofu kwamba chama kinachovuka mipaka, chenye makamanda na makarani, kilikuwa jeshi la siri; na wafanyakazi wa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, walipogoma mwezi Mei 1935, na watu sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume iliyoongozwa na Alison Russell ilisikia ushahidi ulioihusisha Mbeni na mgomo. Wengine waliidharau, wakasema ni watu wanaoiga wakubwa wao bila kuelewa. Maoni yote mawili yalikosea kwa njia moja, kwani hayakuwapa wachezaji uwezo wa kutofautisha mchezo na mambo yaliyo nje yake. Aliyeitwa Kingi siku ya mashindano alijua kwamba siku ya pili angerudi kuwa karani, mpishi au kibarua. Lakini alijua pia kwamba amekwisha kuongoza watu, kutunza fedha, kuamua ugomvi na kuandika barua, na ujuzi huo haukuvuliwa pamoja na sare.

Kuanzia miaka ya 1930 nguvu za beni zilipungua. Dansi, kandanda na vyama vya wafanyakazi na vya siasa viliwavuta vijana wale ambao hapo awali wangekuwa makarani na majenerali wa Marini na Arinoti, na vingi kati ya vyama hivyo vilirithi ustadi wa kuitisha mikutano na kuunganisha matawi ambao beni ilikuwa imeulea. Haikutoweka kabisa, kwa kuwa Unguja bado hupigwa beni ya mbwa kachoka barabarani siku za harusi, na mganda na kalela zimebaki kuwa ngoma zinazopendwa Malawi na Zambia.

Kwa wasomaji wa Goma historia hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mji wao umepitiwa na majeshi mengi tangu mwaka 1914, likiwamo lile lililouteka mwezi Januari 2025. Mahali ambapo cheo cha mtu mwenye bunduki huweza kuamua maisha ya mwenzake, ni rahisi kudhani kwamba amri na uongozi hutoka jeshini peke yake. Wanachama wa beni waliifuta dhana hiyo kwa vitendo, kwani walichukua mpangilio wa jeshi, wakauondolea uwezo wa kuua, wakaudai ulishe wageni, uzike wafu na upatanishe waliogombana. Kijana wa Kivu anayekaa leo na wenzake kucheza mchezo wa nafsi za kubuni hana sababu ya kuuona kuwa kitu cha kigeni, kwa kuwa watu wa Afrika Mashariki na Kongo waliujua mchezo wa vyeo, wakautungia kanuni na kuuandikia barua, zaidi ya nusu karne kabla ya mchezo wa mezani kuuzwa Marekani na Ujerumani. Historia hiyo inastahili kufundishwa pamoja na historia ya vita vilivyoieneza, ili wapagazi na askari wa mwaka 1916 wasikumbukwe kwa mizigo waliyobeba tu, bali pia kwa mchezo waliorudi nao na vyama walivyovijenga juu yake.