Pamoja Tulinde Maisha: namna utafiti wa Ebola ulivyohitaji raia

Utafiti mkubwa wa dawa za Ebola katika Kivu Kaskazini ulipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Ulianza Beni mwezi wa 11 mwaka 2018, kisha ukafika Butembo, Katwa na Mangina. Jina ni zuri, lakini neno hilo "pamoja" halikupatikana kwa urahisi.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, kuanzia Mangina. Wakati huo wakaaji wa Beni walikuwa wanazika watu wao waliouawa vijijini tangu mwaka 2014. Wengi walijiuliza: mbona magari na pesa vinakuja kwa ajili ya Ebola, na wakati wa mauaji hatukuviona? Mwezi wa 12 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kati ya sababu. Raia wakakasirika. Kuna waliosema ugonjwa ni siasa, na wengine wakasema ni biashara.

Mwezi wa 2 mwaka 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Mwezi wa 4, daktari Richard Mouzoko, mzaliwa wa Kameruni, akauawa Butembo.

Hapo ikaonekana wazi kwamba bila raia hakuna utafiti. Dawa haiwezi kupimwa ikiwa wagonjwa wanajificha nyumbani au wanakimbia. Ilibidi wataalamu wasikilize.

Wanakujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, si kwa kufundisha tu, bali pia kwa kuandika maswali, malalamiko na uvumi. Familia zililalamika kwamba zinazika mfuko bila kuona ni nani aliye ndani; ikaletwa mifuko yenye sehemu ya kuonea uso wa marehemu. Beni kulijengwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili familia imuone mgonjwa wake na kuzungumza naye. Nao waliopona, washindi wa Ebola, wakaajiriwa kutunza wagonjwa na watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Hao waliaminiwa, kwa kuwa walikuwa wamelala kwenye vitanda vilevile.

Wagonjwa 681 waliingia katika utafiti huo, ulioongozwa na INRB ya Profesa Muyembe pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Dawa nne zilipimwa. Mwezi wa 8 mwaka 2019 jibu likapatikana. Kwa kila wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, karibu 50 walikufa. Kwa mAb114 walikufa karibu 35, na kwa REGN-EB3 karibu 34. Mwaka 2020 dawa hizo mbili bora zilipata kibali Marekani.

Tusisahau jambo moja: mAb114 ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit, mwaka 1995. Mkongo si mtu wa kupimwa tu. Dawa yenyewe ilianzia katika mwili wake.

Hata hivyo, ushirikiano huo ulikuwa na upungufu. Mengi yaliyobadilishwa yalibadilishwa baada ya hasira na vifo, wakati mpango ulikuwa umekwisha kuandikwa. Kushirikisha raia kwa kweli ni kuwauliza kabla, si kuwatuliza baadaye.

Hilo linahusu pia familia za wahami, kwa sababu kambini magonjwa ni mengi na watafiti hufika. Mtu akiombwa damu au akiombwa kujaribu dawa, ana haki ya kuuliza: Nani anafanya utafiti huu? Damu yangu inaenda wapi? Nikikataa, nitaendelea kutibiwa? Na nani atarudi kutuambia matokeo, hata kama tumehama tena? Mtafiti mwenye nia njema hachoki kujibu maswali hayo, na karatasi ya kutia saini husubiri mpaka yawe yamejibiwa.