Karanga na Kura

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Maana yake twaijua sisi wa Rutamba, kwani Nachingwea, palipolimwa karanga za Waingereza, ni mkoa wetu huu wa Lindi. Mwaka 1946 serikali ya chama cha Labour ilitangaza mpango wa kulima ekari 3,210,000, kwa gharama ya pauni milioni 25. Huko Kongwa mvua ilikuwa haba, udongo ukakauka mithili ya saruji, matrekta yakaharibika. Lakini bungeni London mpango ule haukupimwa kwa mavuno, bali kwa vyama. Wapinzani wa Conservative waliufanya silaha. Naye Waziri John Strachey akautetea, kwa kuwa uchaguzi wa 1950 ulikaribia na kukiri kosa kungekuwa kumpa hasimu ushindi. Januari 1951 mpango uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Reli ya Kusini iliyojengwa kwa ajili yake ilifungwa mwaka 1962. Mkulima wa hapa hakuipigia kura serikali ile, wala ile iliyoifuata. Hata hivyo ardhi iliyofyekwa ilikuwa yake. Shamba, enyi vijana, huamuliwa na mvua na udongo. Kura haioteshi karanga.